Nguzo Iliyobaki Ndani ya Kompyuta

Kwara, kwara. Mkono wa Njue ulikuwa ukipekua debe la misumari, polepole, alfajiri bado kuna giza, ili mtoto asiamke.

"Unatafuta nini?"

"Koleo."

"Iko chini ya kiti. Wamuyu alikuwa anaichezea jana."

Alicheka kwa pua. Akaipata, akaifuta kwenye suruali, kisha akaniinamia kitandani.

"Leo ni slabu, mama Wamuyu. Mkuje saa ya nyama."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia tukiwa bado watu wa kawaida.

Kwa ambaye hakuwa nasi tangu mwanzo, mambo yalikuwa hivi. Mimi ni Marcella, wa Mitunguu. Nilijifunza kuchora majumba kwa kompyuta katika masomo ya jioni pale Kaaga, Wamuyu akilala kwenye leso chini ya dawati langu. Mzee Mithika, kontrakta wa hapa Nkubu, alinunua kompyuta na programu mpya kutoka Nairobi, akaniajiri niiendeshe. Hakuna aliyekuwa ameona kitu kama hicho upande wetu.

Programu hiyo haikuchora mistari tu. Ilijenga jumba zima ndani ya kioo: kuta, nguzo, ngazi, mpaka mabomba ya maji. Ukisogeza kitu kimoja, vingine vyote vinajisogeza vyenyewe na kila karatasi ya ramani inajichora upya. Mwenye ploti tuliyokuwa tukijenga ghorofa aliposema anataka ngazi zihamie mbele karibu na barabara, nilizihamisha asubuhi moja. Nguzo ya kona ikahama pamoja nazo. Mithika alipiga makofi.

Nilimwomba jambo moja. Kabla karatasi mpya hazijapelekwa saiti, pale jengo linapojengwa, nishuke mwenyewe na tepu nipime kilichokwisha kusimama, halafu karatasi za zamani zirudi ofisini zote. Mwalimu wetu wa jioni alituonya sana juu ya hilo. Alisema mashine inajua tu yale umeiambia.

"Mama na mtoto kwa saiti?" Mithika alisema. "Wewe kaa na mashine yako. Saiti iko na fundi mkuu, Mbae."

Nikakaa. Njue, mume wangu, alikuwa fundi wa vyuma huko huko. Nikajiambia macho yake ni macho yangu. Jioni akirudi nilimuuliza kazi inaendaje, anasema inaenda. Tunakula, tunalala.

Huo ulikuwa mwaka wa 1998, baada ya zile mvua za El Niño. Udongo ulikuwa haujakauka hata kidogo.

Siku ya kumwaga slabu, ile sakafu ya konkriti ya ghorofani, hapa kwetu ni kama harusi. Kontrakta anachinja mbuzi, wake wa mafundi wanakuja kupika, na watu wa soko wanasimama kando ya barabara kutazama. Mafundi na vibarua wanajipanga na kupokezana karai za konkriti kutoka kwa mikisa, ile mashine ya kuchanganyia, mpaka juu. Hakuna anayepumzika mpaka kona ya mwisho ijae. Ukisimama katikati, konkriti inakauka nusu na jengo linabaki na ufa. Kwa hivyo slabu haisimamishwi. Nimeona slabu ikiendelea na mwenye ploti amebebwa na ambulensi.

Nilifika na Wamuyu wakati supu inachemka. Kathambi, mke wa fundi mkuu Mbae, ndiye aliyekuwa na mwiko.

"Haya, mwalimu wa kompyuta amefika," akawaambia wenzake. "Dada, huyu mbuzi si wa kuchora. Huyu ni wa kutafuna."

Wanawake walicheka. Nami nilicheka. Nilimpenda Kathambi. Alimpakata Wamuyu bila kuulizwa, akampulizia kipande cha nyama mpaka kikapoa.

"Nenda usalimie bwana yako," aliniambia. "Huyu niachie."

Nilipita chini ya slabu kumtafuta Njue. Huko chini kulikuwa na nusu giza, na magogo ya mkaratusi yamesimama kila mahali kushikilia mbao za juu. Maji ya konkriti yalikuwa yakidondoka shingoni mwangu. Sikuwa nimeingia humo tangu msingi uchimbwe, lakini nilizijua njia zake zote. Nilikuwa nimetembea ndani ya jumba hilo kwenye kioo kuliko nilivyotembea jikoni kwangu.

Nikaenda moja kwa moja kwenye kona ya mbele kuona nguzo yangu.

Haikuwepo.

Niligeuka, nikahesabu milango. Nikarudi nyuma nikaanza tena. Nguzo niliiona huko mbali, mahali ngazi zilipokuwa kwenye ramani ya zamani, imesimama peke yake kama mgeni aliyekosea nyumba. Na juu ya kichwa changu ile bimu nene ya mbele, boriti ya konkriti ambayo ingebebwa na nguzo hiyo, ilikuja mpaka kwenye kona ikaishia hewani. Ilikuwa imeshikiliwa na magogo tu. Magogo yenyewe yamesimama kwenye udongo wa kujazia, na kila karai iliyomwagwa juu, matope yalitoa povu kwenye miguu yao.

"Nani amekuruhusu huku chini?"

Ilikuwa sauti ya Mbae. Mtu mpana, kofia ya manyoya hata jua likiwaka, sepetu begani.

"Fundi, nguzo ya hapa iko wapi?"

"Si ile pale."

"Ile ni ya ramani ya zamani."

Alitia mkono ndani ya koti akatoa karatasi ya bluu, imekunjwa mpaka imeanza kukatika. Akanionyesha kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

"Hii ni bluu. Iko na muhuri wa kaunsili. Hizo zako nyeupe ziko na muhuri gani? Nguzo nilitoa kwa bluu. Slabu nimetoa kwa nyeupe, kwa sababu mwenye ploti anataka ngazi zake mbele. Kila mtu nimemfurahisha."

"Fundi, umechanganya majumba mawili."

"Wacha maneno. Hiyo nguzo nitainua wiki ijayo, slabu ikishashika. Mimi nimejenga Chuka, nimejenga Embu, nimejenga mpaka kwenu Mitunguu kwa matope ya migomba. Hakuna nyumba yangu imelala."

"Angalia miguu ya magogo."

"Niangalie nini?"

"Angalia tu."

Aliangalia. Niliona macho yake yakiona. Gogo moja lilizama kidogo mbele yetu sisi wawili na kutoa mlio mdogo, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Mbae aliteremsha sepetu kutoka begani. Aliposema tena, alisema polepole.

"Haiwezi kusimama sasa. Watu wote wa soko wako hapo nje. Nikisimamisha, Mithika atanifukuza mbele yao, na watasema nimefukuzwa na bibi ya Njue. Unataka hiyo?"

"Nataka watu watoke juu ya hii kona."

"Toka wewe."

Nilitoka nikikimbia, lakini si kwa sababu alinifukuza.

Mithika alikuwa ndani ya pikapu yake, dirisha limefunguliwa nusu, anakula maini kwa kijiti.

"Mzee, simamisha slabu. Kona ya mbele haina nguzo."

"Kompyuta si ilisema iko sawa?"

"Ilisema jumba lake liko sawa. Hilo lililo ndani yake. Hili si lenyewe."

Nafikiri alielewa. Nafikiri hata alikumbuka ile siku ya tepu.

"Mama Wamuyu," akasema, "mimi nilinunua hiyo mashine ipunguze shida, si ilete. Mbae amesema nini?"

"Amesema atainua nguzo wiki ijayo."

"Basi itainuliwa wiki ijayo. Slabu haisimamishwi. Kula nyama."

Akapandisha kioo.

Sasa mimi ni mtu mwoga kwa kawaida. Ofisini naomba ruhusa hata ya kufungua dirisha. Lakini Njue alikuwa huko juu, karibu kabisa na ile kona, ameinama anafunga nyaya mbele ya watu wa karai. Nikaenda chini ya ngazi ya mbao na kupaza sauti mpaka koo likauma.

"Baba Wamuyu, shuka."

Vibarua walifurahi.

"Njue, unaitwa ukabadilishe mtoto nepi."

"Mwambie nepi haisimamishwi."

Alishuka amekasirika. Alinishika kiwiko akanivuta kando.

"Marcella, unaniaibisha."

"Kuja uone kitu. Ukishaona unichape ukitaka."

Hajawahi kunichapa. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimechanganyikiwa. Alinifuata mpaka kwenye kona, nikamwonyesha bimu, nikamwonyesha matope.

"Mbae alisema itainuliwa baadaye," alisema.

"Na wewe ukanyamaza?"

"Mimi ni mtu wa Embu, Marcella. Hapa niko kwa sababu Mbae anataka niwe."

Hatukuwa na nafasi ya kugombana zaidi. Gogo lile lile lilishuka tena, na mbao za juu zikapasuka upande mmoja. Njue alirudi mbio kwenye mikisa akapanda juu ya rundo la kokoto.

"Wekeni karai chini. Tokeni kona ya mbele, nyote. Tokeni."

Mstari ulisimama. Karai moja ikabaki hewani mikononi mwa mtu. Nimewahi kuhudhuria mazishi yaliyokuwa na kelele kuliko hapo.

Kisha Mbae akatokea nyuma yake na sepetu.

Alimpiga na bapa la sepetu katikati ya mabega. Njue akaanguka kwa uso kwenye kokoto, meno yakagonga mawe. Nilisikia.

"Wewe," Mbae alisema, "mtu wa kuokotwa Embu, usimamishe slabu yangu?"

Akampiga tena, mara hii kwa ukingo, kwenye paja. Suruali ilifunguka na nyama ikafunguka. Njue alimshika miguu wakaanguka pamoja, wakabingiria kutoka kwenye rundo mpaka kwenye mlango, na kutoka mlangoni mpaka ndani, chini ya slabu, kati ya magogo. Nikawafuata huko huko.

Hapo juu watu waliacha kila kitu. Nilisikia miguu yao ikikimbilia ngazi ya mbao upande wa nyuma. Hivyo ndivyo walivyopona wale watu wa karai. Maneno yangu hayakuwashusha, wala ya Njue. Walishuka ili waone watu wakipigana.

Ngazi ilikuwa moja na wao walikuwa wengi. Wakachelewa kutufikia ndani.

Ndani, Mbae alikuwa amempanda Njue kifuani. Alikuwa ameweka mpini wa sepetu kwenye koo na kuukandamiza kwa mikono yote miwili. Njue alipiga mateke, akagonga gogo, gogo likalegea. Damu ilimtoka mdomoni na puani, na sauti iliyomtoka sitaki kuiandika.

"Fundi, mwache. Fundi, utamuua."

Hakunisikia. Sidhani alikuwa akisikia chochote. Uso wake ulikuwa umelowa machozi, hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Mtu huyo alikuwa analia huku anamnyonga mume wangu.

Kando yangu kulikuwa na kipande cha chuma, vile vipande wanavyokata kwa slabu, urefu wa mkono. Nikakiokota.

Nilimpiga begani. Hakuachilia.

Mateke ya Njue yakaanza kupungua.

Nikampiga kichwani, juu ya sikio, kwa nguvu zote ambazo mwili wangu unazo. Chuma kiliruka na kunitetemesha mpaka kwenye meno. Kofia ya manyoya ilianguka.

Mbae aliachilia mpini. Alisimama. Aliweka kiganja sikioni, akatazama damu, akanitazama mimi, kama mtu aliyeambiwa jambo la kushangaza katika lugha asiyoijua. Akarudi kinyumenyume, hatua kidogo kidogo, mpaka kwenye kona ya mbele. Hapo alikaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye gogo.

"Fundi, usikae hapo," nilisema.

Gogo lilizama.

Sitasema kulikuwa na kishindo kikubwa, kwa maana sikusikia kishindo. Niliona mwanga. Kona ya jumba ilifunguka na jua likaingia, na mahali Mbae alipokuwa pakawa na rundo la kijivu linaloteleza polepole, na nyaya alizofunga Njue asubuhi zimechomoza.

Nilipogeuka, Wamuyu alikuwa mlangoni. Alikuwa ametoroka kwa Kathambi akanifuata. Alikuwa ameshika mfupa kwa mkono mmoja.

Njue alijikokota mpaka kwangu kwa mikono. Aliniondolea chuma vidoleni, kimoja kimoja, kwa sababu vidole vyangu vilikataa kufunguka.

"Hukushika hii," alisema. Sauti yake ilikuwa kama ya mzee. "Umesikia? Mimi ndio nilishika."

"Njue, hapana."

"Wamuyu atalelewa na nani? Mama yangu ako chini ya mchanga. Mama yako hawezi kujiinua kitandani. Mimi ninalala saiti hii mwezi huu, saiti ile mwezi ujao. Mtoto abaki na mama yake. Nyamaza tu, Marcella. Kazi yako ni hiyo moja, kunyamaza."

Watu walimiminika mlangoni. Nilimshika Wamuyu, nikaugandamiza uso wake kwenye tumbo langu ili asitazame.

Walichimba kwa mikono. Walichimba kwa karai, kwa mbao, kwa sufuria zilizotoka jikoni. Konkriti mbichi inaunguza ngozi, lakini hakuna aliyejali. Walipomtoa Mbae, alikuwa wa rangi moja na jumba. Mtu alimwagia maji usoni kuona kama atapumua. Simiti ikatoka, na juu ya sikio pakabaki jeraha jekundu, jembamba, lililonyooka.

Hata mtoto wa shule angejua kuwa slabu haikati hivyo.

Kathambi alifika na mwiko bado mkononi. Hakupiga mayowe. Alichuchumaa akaanza kumfuta mumewe nyusi, kwanza hii, halafu hii, kwa pembe ya leso.

Ni Mithika aliyesema kwanza. Alikuwa amesimama nje ya kivuli cha jumba, mbali kidogo, na niliona akili yake ikikimbia.

"Slabu yangu haianguki yenyewe," aliwaambia watu. "Walipigana chini wakagonga magogo. Nyote mmeona nani alianza kusimamisha kazi. Na hiyo kichwani ni chuma. Nani alimpiga fundi na chuma?"

"Mzee," nilisema, "nguzo haikuwepo. Nilikwambia."

"Wewe nyamaza. Karatasi ni za nani? Si ni za mashine yako?"

Kwa hilo hakuwa amedanganya. Kompyuta ilijenga jumba moja, Mbae akajenga lingine, na mimi niliyekuwa nikiishi ng'ambo ya barabara tu, sikuvuka kwenda kulinganisha. Lakini watu hawakutaka habari za karatasi. Karatasi haina shingo.

"Nimeuliza nani," Mithika alisema.

"Ni mimi," Njue alijibu.

Alikuwa ameegemea ukuta na kile chuma mkononi, mguu mmoja wote ni damu.

Jiwe la kwanza lilimpata kwenye goti lile zima. La pili mdomoni. Kisha hawakutumia mawe tena, walimwendea kwa miili yao. Watu ambao asubuhi walikuwa wakimtania kuhusu nepi. Nilimwona mmoja akimpiga na karai, mara nyingi, kwa makini, kama anayetwanga. Nilijaribu kupita kati yao, nikapigwa kiwiko cha shavu, nikaanguka juu ya Wamuyu.

"Mpigeni huyo Mwembu."

"Mleteni nje, mleteni kwa mwanga."

"Polisi wameitwa," mtu alisema.

"Polisi watamkuta amekwisha."

Walimburuta mpaka barabarani kwa ukosi wa shati. Kijana wa pikapu ya Mithika alibingirisha tairi ya akiba. Sikumwona Mithika akimruhusu, na sikumwona akimkataza. Jerikeni ya petroli ilikuwa karibu, ile ya kutilia mikisa. Walimwagia kichwani na kifuani. Njue alipenga kamasi na damu, akatikisa kichwa petroli isimwingie machoni.

Alinitafuta kwa lile jicho moja lililokuwa bado linafunguka. Akanipata. Akatikisa kichwa tena, polepole, na nikajua hiyo mara ya pili haikuwa kwa ajili ya petroli.

Nataka mnielewe. Nilikuwa nikisema. Ndani yangu nilikuwa nikisema kwa sauti kubwa kabisa. Lakini mkono wa Wamuyu ulikuwa ndani ya mkono wangu, una mafuta ya nyama, na kila nilipofungua mdomo niliuona mkono huo umeshikwa na mtu mwingine, mtu ambaye hajui kwamba anaogopa kulala bila leso ya bluu, na kwamba uji akipewa na maziwa juu hanywi.

Nikafunga mdomo. Nikafungua. Nikafunga.

"Ngojeni."

Kathambi alikuwa amesimama. Watu walimpisha kama maji. Leso yake ilikuwa ya kijivu mpaka magotini. Alimnyang'anya kijana kibiriti, na kijana akakiachilia.

"Huyu ni bwana yangu amelala hapo," alisema. "Si wenu. Kama kuna mtu atachomwa, nitachoma mimi. Lakini kwanza niulize."

Akamwendea Njue.

"Ni wewe ulimpiga?"

"Ni mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Alikuwa ananinyonga."

"Mtu akinyongwa anapata wapi nguvu ya kuinua chuma?"

Njue alimeza mate, na nikaiona ile alama ya mpini wa sepetu shingoni mwake, nyekundu, pana, imevuka kutoka sikio hadi sikio. Kathambi pia aliiona. Alisimama hapo akiitazama kama mtu anayesoma.

Kisha akageuka, akaja kwangu.

Alisimama karibu hata nikasikia moshi wa kuni katika nywele zake. Macho yake yalikuwa makavu. Kibiriti kilikuwa mkononi.

"Mama Wamuyu. Wewe ulikuwa huko ndani. Ukiniambia si yeye, nitamwachilia aende hospitali. Ukiniambia ni yeye, sitakuuliza tena. Ni yeye?"

Mikisa ilikuwa bado inazunguka peke yake, hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Marcella," Njue alisema kutoka chini, "mwambie."

"Mwache aseme mwenyewe," Kathambi alisema. "Ni yeye?"

"Ni," nilisema.

Nikakwama hapo.

Mkono wa Wamuyu ulitoka ndani ya mkono wangu. Alimsogelea Kathambi, akainua uso kumtazama, na akasema kwa sauti ile ile anayoombea maji:

"Si baba, ni mami alimpiga na chuma."